"Face It Alone" na boksi la The Miracle: wimbo uliokaa kabatini miaka 34

Boksi limefika Unguja mikononi mwa dada yangu. Alilibeba kutoka Uingereza ndani ya begi la nguo, katikati ya mablanketi mawili, na bado pembe moja ilibonyea. Nalisema hilo mwanzo kwa faida ya anayetaka kuliagiza: jalada ni karatasi ngumu tu, na ndani mna uzito. Mna santuri moja, sidii tano, dividii moja, diski moja ya Blu-ray, na kitabu cha jalada gumu chenye picha pamoja na barua ambazo wanabendi waliwaandikia mashabiki wao kwa mkono. Ni The Miracle Collector's Edition ya bendi ya Queen, iliyotoka tarehe 18 Novemba 2022. Bei yake, ukiigeuza kuwa shilingi, ni kama magunia mawili matatu ya mchele. Nimeilipa mwenyewe, kwa kuweka kidogo kidogo miezi kadhaa.

Mimi ni fundi redio. Nimetengeneza amplifaya za harusi, za misikiti, za vilabu vya taarabu na za vijana wa muziki wa kizazi kipya, na masikio yangu yamezoea kutafuta kilichoharibika kabla ya kufurahia kilichokuwa kizima. Kwa hivyo nitaliangalia boksi hili kwa macho hayo, lakini zaidi nitasema juu ya wimbo mmoja, kwa kuwa ndio uliotugombanisha. Jumapili tatu mfululizo, baada ya sala ya alasiri, tumekaa kibandani kwangu watu watano na buli la kahawa, tukibishana kama "Face It Alone" ungestahili kutolewa au ungeachwa ulipokuwa.

Watu wenyewe ni hawa: mwalimu wa skuli ya sekondari anayezijua albamu zote za Queen kwa mpangilio wa miaka, kijana anayewatembeza watalii Mji Mkongwe, mpwa wangu (binti wa dada yangu huyo aliyeleta boksi), ami yangu aliyepiga fidla katika taarabu tangu nikiwa mtoto, na mimi.

Kwa nini Wazanzibari watano wabishane juu ya bendi ya roki ya London? Wengi mnajua. Sauti iliyomo kwenye wimbo huu ni ya mtoto aliyezaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, Farrokh Bulsara, mwana wa Bomi na Jer, Waparsi. Akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka wa pili yake, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, karibu na London. Wageni wanaokuja kuitafuta nyumba ya Shangani, ambayo tangu Novemba 2019 ina makumbusho yake, wanamwita Freddie Mercury. Kijana wetu wa utalii anawapeleka pale karibu kila siku.

Sasa wimbo. Albamu ya The Miracle ilirekodiwa London na Montreux, Uswisi, kuanzia Januari 1988 hadi mwanzoni mwa 1989, chini ya Queen wenyewe na mtayarishaji David Richards. Walipiga nyimbo zaidi ya 30. Santuri iliyotoka Mei 1989 ilikuwa na nyimbo 10. Zilizobaki, nyengine zilikwenda kuwa upande wa pili wa santuri ndogo, nyengine zikakaa. "Face It Alone" ulikuwa katika zilizokaa. Mwaka 2022 Brian May, mpiga gitaa wa Queen, na Roger Taylor, mpiga dramu, walitangaza kwamba wameupata upya. Brian alieleza kuwa walikuwa wameutazama mara nyingi na kila mara wakaona hauokoki, mpaka mafundi wao wa sauti walipoingia tena na kusema inawezekana. Ikawa ni kazi ya kuunga vipande. Ukatoka tarehe 13 Oktoba 2022, mwezi mmoja kabla ya boksi.

Unaanza na gitaa peke yake, noti moja moja, kila moja ikiachwa ififie kabla ya nyengine kuja. Dramu zinaingia polepole sana, zina mwangwi mkubwa, kama mtu anayegonga mlango wa ukumbi mtupu. Kisha Freddie anaingia chini. Hapa ndipo niliposimamisha mashine mara ya kwanza. Tumemzoea akipanda, akijaza uwanja. Hapa anaanza katika sehemu ya sauti ambayo kwa kawaida anaitumia kupumzikia, karibu anazungumza, na unasikia hewa ikipita kabla ya neno. Anapofika kwenye maneno ya jina la wimbo, hapo anapanda, na kupanda kwake kunauma kwa sababu ametokea mbali. Baadaye gitaa la Brian linachukua nafasi, halipigi mbio, linakaa kwenye noti ndefu. Halafu wimbo unarudi pale pale ulipokuwa, na unakwisha.

Na hilo la kurudi pale pale ndilo hoja ya mwalimu.

Mwalimu anasema: huu si wimbo, ni nusu ya wimbo. Una beti kidogo, kiitikio kimoja, na zaidi ya hapo ni kurudia. Wimbo wa Queen, anasema, siku zote una mahali unapokugeukia. Unadhani umeujua, mara unafungua mlango mwengine. Huu hauna mlango wa pili. Kisha akaleta hoja iliyotunyamazisha Jumapili ya kwanza. Walipata nafasi tatu za kuutoa, akahesabu kwa vidole. Mwaka 1989, wakachagua nyimbo 10, huu haumo. Mwaka 1991 wakatoa Innuendo, Freddie yuko hai, anaumwa lakini anaimba kuliko wakati wowote, haumo. Mwaka 1995, Freddie ameshafariki, wanaokota kila kipande cha sauti yake kuijenga Made in Heaven, na hata hapo haumo. "Mara tatu, fundi," akaniambia. "Wanabendi wenyewe walikubaliana. Sisi ni nani tuwapinge?"

Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo. Hoja ile ina nguvu. Jawabu nililipata ndani ya boksi lenyewe, kwenye santuri.

Santuri iliyomo humu si ile ya 1989. Ni mpangilio wa albamu kama ulivyokusudiwa mwanzo, ukiwa na wimbo wa kumi na moja: "Too Much Love Will Kill You". Wimbo ule ulikuwa umeshakamilika, Freddie ameshauimba wote, na ukatolewa dakika za mwisho kwa sababu Brian aliuandika pamoja na watu wawili wa nje ya bendi, Frank Musker na Elizabeth Lamers, na mambo ya haki za uchapishaji hayakuwa yametulia. Rekodi ile ya Queen ikakaa mpaka 1995. Ilipotoka, wimbo ukapendwa dunia nzima na ukaja kupata tuzo ya Ivor Novello, tuzo ya watunzi wa nyimbo kule Uingereza. Kwa hiyo albamu ile ile, mwaka ule ule, iliacha nje moja katika nyimbo bora walizowahi kurekodi, na sababu haikuwa ubora wake. Wimbo kuachwa nje ni tukio la siku ile, na mambo ya siku ile ni mengi: urefu wa santuri, makaratasi, nani amechoka, nani ana wimbo mwengine anaoupenda zaidi. Nilimwekea mwalimu upande ule wa santuri, kwenye meza ya kuzungushia niliyoifunga mkanda mpya kwa ajili hiyo, na akasikiliza mpaka mwisho. Akakubali kuhusu "Too Much Love". Kuhusu "Face It Alone" akasema kimoja kilikuwa kimeiva na kingine hakijaiva, na makaratasi hayahusiki.

Hapo ami yangu akaingia. Yeye Queen hawamshughulishi sana, lakini ameishi maisha yake yote kwenye mazoezi ya klabu. Alisema katika taarabu mwimbaji anapopewa shairi jipya, wiki ya kwanza anaimba kwa kutafuta: sauti ndogo, macho kwenye karatasi, anapapasa wapi pa kuvuta na wapi pa kukata. Wiki ya nne ameshaujua, anautawala, na watu wanamtunza. Lakini kuna jambo la wiki ya kwanza ambalo halirudi tena, akasema, kwa sababu mwimbaji bado hajaamua ajifanye nani. Akaomba nimwekee mwanzo wa wimbo tena, ile sehemu ya chini, na akanyoosha kidole kwenye spika: "Huyu yuko wiki ya kwanza."

Naamini ami ndiye aliyesema la kweli kuliko sote, na tathmini yangu yote imesimama hapo. Ukiusikiliza wimbo huu kama wimbo uliokamilika wa Queen, utakukatisha tamaa, na mwalimu atakuwa na haki. Ukiusikiliza kama mtu anayejaribu sauti yake ndani ya chumba, hakuna kitu kwenye nyimbo zilizotoka mwaka 1989 kinachokuweka karibu naye kiasi hiki.

Mpwa wangu ana lake. Yeye anasikia maradhi. Freddie aligundulika na virusi vya UKIMWI mwaka 1987, akawaficha watu wote isipokuwa wachache, na aliutangazia ulimwengu tarehe 23 Novemba 1991, akafariki usiku wa kesho yake. Sasa mtu katika hali hiyo anaimba mwaka 1988 kwamba mwisho wa yote utalikabili peke yako. "Mjomba, atakuwa anaimba nini kingine?" Namwelewa, na ukisikia ile hewa kabla ya neno ni vigumu kufikiri vyengine. Lakini nilimkumbusha mambo mawili. Albamu hii ndiyo ya kwanza ambayo wanne wote waliandikwa kuwa watunzi wa kila wimbo, wakaacha kugombea nani kaandika kipi. Na mwaka ule ule wa 1988 Brian alimzika baba yake na ndoa yake ya kwanza ikavunjika. Upweke ulikuwa unaweza kuingia studio kwa mlango wowote. Tukiufanya wimbo kuwa barua ya mgonjwa mmoja tunaupunguza. Na tunamnyima Freddie heshima ya mwimbaji, ambaye kazi yake ni kuyabeba maneno hata yasiyokuwa yake hadi uamini ni yake. Mpwa wangu hajaridhika na jibu hilo. Anasema maneno yanaweza kuwa ya mwengine na kilio kikawa chako.

Kijana wa utalii hana habari na hoja zetu. Kwake la msingi ni kwamba tangu 2014, ilipotoka Queen Forever yenye "Let Me in Your Heart Again", hakukuwa na wimbo mpya wenye sauti ya Freddie, na sasa upo. Anawachezea wageni kwenye simu wakiwa wamesimama nje ya nyumba Shangani. Nilimwomba jambo moja tu: asiucheze kwa spika ya simu. Spika ya simu inakula sauti za chini, na wimbo huu ukiuondolea za chini haukubakishii kitu. Siku hizi anabeba hedifoni.

Nalaumu lipi kwenye wimbo? Mwangwi. Dramu na sauti vimewekewa chumba kikubwa mno. Nafahamu kwa nini. Unapounga vipande vya siku mbalimbali, mwangwi unafunika viungo, hata mimi nikiunga kanda iliyokatika najua raha ya kuwa na kelele kidogo ya kufichia. Lakini hapa ningetaka viungo vionekane. Anayenunua boksi la namna hii ameshajua kwamba wimbo umeokolewa. Ningependa kusikia ukavu wa chumba kile, maikrofoni na mtu, basi.

Ukavu huo upo, ila upo kwengine: sidii ya pili, The Miracle Sessions. Hii ndiyo roho ya boksi, na kama singeinunua kwa ajili ya "Face It Alone" ningeinunua kwa ajili yake. Ni zaidi ya saa nzima ya mazoezi, sauti za kuongozea, nyimbo zikiwa bado hazijapata umbo, na wanne wenyewe wakizungumza baina yao kati ya wimbo na wimbo. Katika albamu rasmi humsikii John Deacon, mpiga besi, akisema neno; yeye alistaafu mwaka 1997 na hajatokea tena kupiga na wenzake. Hapa yumo chumbani. Freddie anaagiza, anacheka, anakosea, anaanza upya. Mimi niliyekaa miaka kwenye vyumba vya mazoezi vya taarabu nikichomeka nyaya, nilivijua vicheko vile. Ni vya watu waliozoeana mpaka hawaombani radhi.

Kwenye sidii hiyo mna nyimbo sita ambazo hazikuwa zimetolewa, mbili zake anaimba Brian. "When Love Breaks Up" ni fupi, na ukiijua "Breakthru" ya albamu yenyewe utasituka, kwa sababu ndiyo ile sehemu taratibu ya mwanzo wake kabla mdundo haujalipuka. Hapa imesimama peke yake. "Dog with a Bone" ni mchezo wa studio, roki ya kujifurahisha, nzuri kwa mara mbili. Halafu kuna "I Guess We're Falling Out".

Hapa namkubalia mwalimu wazi. Kama walikuwa wanatafuta wimbo mmoja wa kuubeba jina la boksi, huu ungefaa zaidi kwa utunzi. Una mwendo, una lahani inayokaa kichwani mpaka unaamka nayo, na una ule mlango wa pili anaoutaka. Mashabiki walikuwa wakipeana nakala zake za wizi kwa miaka. Mwalimu mwenyewe alikuwa na moja, inakoroma kama redio iliyotoka kwenye stesheni, na aliipenda hivyo hivyo. Alipoisikia hapa kwa usafi wake, alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kwake: kwamba amekosa ule mkoromo. Nakala ya wizi ilikuwa inamwachia nafasi ya kuukamilisha wimbo kichwani mwake. Hii ya safi inamwonyesha waziwazi mahali ambapo hawakumaliza. Nimelifikiria sana neno hilo. Nahisi ndiyo sababu mashabiki wengi waliosubiri "Face It Alone" waliupokea kwa ubaridi: wimbo usiosikika ni mzuri kuliko wote, na mafundi wa London hawakuwa wanashindana na 1989, walikuwa wanashindana na wimbo ambao kila mtu alishautunga mwenyewe kwa kungoja.

Vyengine vya boksi nitavipita haraka. Sidii ya matoleo marefu na nyimbo za upande wa pili ni kwa wakusanyaji. Ile ya ala tupu, Miracu-mentals, imenifaa kikazi, kwa sababu naitumia kupimia spika. Besi ya Deacon kwenye "The Invisible Man" inakuambia mara moja kama koni imechanika. Sidii ya mahojiano ya redio nimeisikiliza mara moja. Dividii na Blu-ray zina mambo yale yale, kwa hivyo unalipia kitu kimoja mara mbili, na hilo silipendi hata kidogo kwa bei hii. Jambo zuri kwenye video ni kuona jinsi picha ya jalada ilivyotengenezwa, ile ya nyuso nne zilizoungana kuwa uso mmoja, kazi ya kompyuta wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumeiona kompyuta.

Kwa anayeuliza anunue au la: kama huna meza ya kuzungushia santuri na si mtu wa kukusanya, tafuta toleo la sidii mbili, albamu pamoja na The Miracle Sessions. Utakuwa na nyimbo zote sita, mazungumzo yote, na magunia yako ya mchele. Usisikilizie kwenye gari. Kaa usiku, hedifoni au spika mbili zilizopimwa sawa, ufungue "Face It Alone" kwa sauti ya wastani, maana ukizidisha ule mwangwi unameza neno. Mimi nauhesabu kuwa ulistahili kutoka, kwa ajili ya beti la kwanza.

Mwalimu bado hajakubali. Jumapili ijayo analeta Innuendo yake ya kaseti, ile aliyoinunua mwaka 1991. Anataka tuusikilize wimbo wa mwisho wa albamu ile na huu mmoja baada ya mwengine, bila kusema kitu katikati. Nimeshavisafisha vichwa vya redio kaseti, na ami amesema safari hii anakuja na fidla.